Kamera Mbili na Kicheko cha Mama Mkwe

Mume wangu alikwenda Tunduma kununua bati akarudi na kamera. Nasema hivi bila chuki, maana miaka imepita na jiko tulikuja kuliezeka, lakini siku ile chuki nilikuwa nayo ya kutosha. Alikuwa ameuza mahindi yetu Laela, akapanda basi la kuelekea mpakani, na mimi nikabaki Sumbawanga nikipima kwa macho mahali ambapo bati mpya zingekaa. Siku ya pili akaingia na begi jeusi begani, akaliweka mezani taratibu, akaniambia niketi kwanza. Mtu akikuambia uketi kwanza, ujue bati hazipo.

Ndani mlikuwa na kamera kubwa, nyeusi, ya mtumba. Aliyemuuzia alimwambia ni ya wapiga picha wa kazi. Baadaye mwenye studio mmoja pale mjini aliigeuzageuza, akaitazama chini na juu, akasema kwa upole kwamba ni nzuri, ni ile ya wanaoanza. Hilo mume wangu hakuwahi kunisimulia. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Lenzi yake ilikuwa haivuti. Kitu kilicho mbali kinabaki mbali, na kilicho karibu kinajaa mpaka masikio yanakatika. Muuzaji alimpa maelezo ambayo mume wangu aliyapokea kama katekisimu, kwamba wapiga picha wa kweli hawavuti kwa kidole, wanavuta kwa miguu. Ukitaka kumpata mtu mzima, rudi nyuma. Basi mume wangu akawa mtu wa kurudi nyuma. Harusini alirudi nyuma mpaka akakalia meza ya keki. Kwenye kipaimara alirudi nyuma akatoka kabisa nje ya mlango wa kanisa, akapiga picha akiwa barazani.

Mimi nilikuwa na kamera yangu. Aliniachia mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekuwa akifundisha nasi, siku alipomaliza muda wake. Ilikuwa ndogo, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki mbili, rangi ya waridi. Ilikaa kwenye mfuko wa gauni na ufunguo wa nyumba na chaki, na wala hukujua kwamba ipo. Mume wangu aliiita kiberiti. Yeye ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo dharau yake ilikuwa na hesabu ndani yake. Alinichorea kwenye karatasi mwanga unavyoingia, akanionyesha kwamba jicho la kamera yangu ni la sisimizi na la kwake ni la ng'ombe. Nikamuuliza kama ameshawahi kumwona sisimizi aliyejikwaa.

Lakini tuseme haki. Kamera yake ilikuwa inaona hata kwenye giza la kanisa siku ya mawingu, na betri yake ilikaa wiki nzima. Ukibonyeza, papo hapo, kacha, imemaliza. Yangu ukibonyeza inafikiri kwanza. Inatoa pua, inanung'unika, inatafuta, halafu ikisharidhika ndiyo inapiga, na wakati huo kuku uliyemlenga ameshapita. Nilikuwa na picha nyingi sana za mikia ya kuku na migongo ya watoto wa darasa la tatu. Ndani ya nyumba ilimmulika mtu usoni mpaka akawa kama amepakwa majivu. Betri yake ilikufa bila kuaga. Ubora wake ulikuwa mmoja tu: hakuna aliyeiogopa.

Ile ya mume wangu watu waliiogopa. Lazima uibandike usoni, ufumbe jicho moja, na watu wa kwetu mtu akiwafumbia jicho moja wanaanza kujiuliza anawalenga kwa ajili gani. Na mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiuliza.

Mama mkwe aliishi kijijini kwao, huku juu, si mbali na pale ambapo barabara ya Milepa inaanza kuteremka kwenda bondeni. Alikuwa mjane, mkulima, mcheshi kupita watu wote niliowahi kuwajua. Alicheka kwa mwili mzima. Ukimkuta anapepeta ulezi na wanawake wenzake, kicheko chake unakisikia kabla hujaona nyumba. Lakini mbele ya kamera alikauka. Kwake picha lilikuwa jambo la sare. Aliingia ndani, akatoka na gauni la kina mama wa kanisani na kilemba kilichopigwa pasi, akavaa na viatu hata kama picha itaishia kiunoni, akatandika kitambaa kwenye kigoda, akaweka redio juu yake. Kisha akaketi kitini pembeni yake, mikono magotini, akafunga mdomo, akakutazama kana kwamba umekuja kuchukua shamba.

Siku moja nilimuuliza kwa adabu kwa nini hacheki kwenye picha. Akanijibu kwamba zamani, alipokwenda kupigwa picha ya kitambulisho, mpiga picha alimwambia, "Mama, usicheke, tazama mbele." Yeye ni mtu anayeheshimu agizo. Hakuna aliyekuja kumwambia kwamba agizo lile lilikuwa la siku ile tu.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa pekee. Waliolewa wote wasichana wadogo, yeye akabaki huku juu na mwenzake akateremka kwenda Kabwe, kule ziwani, kwa mume aliyekuwa akiuza dagaa. Mwanzoni walitembeleana. Baadaye mama mkwe akashindwa na magari. Mara ya mwisho alipojaribu alitapika tangu kona ya kwanza, akaomba kushuka, akarudi nyumbani kwa miguu na kuapa kwamba hapandi tena gari mpaka lile la kumpeleka makaburini. Mama mdogo naye miguu ikaanza kuvimba. Wakabaki na simu. Miaka ile simu zetu zilikuwa za tochi, zilibeba sauti tu.

Mwezi wa tatu wa mwaka mmoja mama mdogo alipiga simu kwetu mjini, nikapokea mimi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa pumzi fupi fupi, halafu akaenda moja kwa moja kwenye neno lake.

"Mwanangu, sura ya dada inanitoka," alisema. "Sauti naipata hapa kwenye simu, lakini nikifumba macho nimtafute, simwoni. Nakumbuka alivyokuwa anacheka, basi. Mwambie mume wako anipigie picha ya dada anacheka, mniletee. Na msikawie. Pumzi zangu siyo zile."

Akakata simu. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani na bado nililia.

Mume wangu hakulia. Alikwenda kufuta vumbi kwenye lenzi. Jumamosi tulikuwa kijijini, mama mkwe akavaa, akaketi, redio ikawekwa, na mume wangu akarudi nyuma kwa hatua anazozijua. Nilimsikia akisema, "Mama, cheka kidogo." Mama akasema, "Nacheka," na uso haukusogea hata unywele mmoja. Tuliichapisha kubwa, tukaifunga kwenye bahasha ngumu, tukampa kondakta wa basi la kuelekea Namanyere ili ikafike Kabwe.

Picha ilikuwa nzuri, lazima niseme. Kila kunjo la uso lilionekana, hata uzi uliochomoka kwenye kola. Nyuma yake nyumba na mgomba vilikuwa vimefifia taratibu, jambo ambalo kamera yangu isingeweza hata ikiombewa. Mume wangu aliitazama kwa namna ambayo alikuwa hajanitazama mimi tangu uchumba.

Baada ya siku nne mama mdogo akapiga. "Nimeipokea," alisema. "Ni safi sana, Mungu awabariki. Ila niliomba dada, mmeniletea hakimu. Akinitazama naona kama nina kesi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipoisha akasema kwa sauti ya chini, "Jaribuni tena, wanangu. Huyu simjui."

Jioni nzima mume wangu alifuta lenzi. Mwishowe akasema, "Si kosa la kamera."

"Sijasema ni kosa la kamera."

"Umekaa kama mtu aliyesema."

Shule zilipofungwa kwa Pasaka tukapanda pikipiki yetu kwenda tena kijijini. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha, na mama mkwe alikuwa ameshamaliza kulima na kupanda matuta yake mbele ya nyumba. Ambaye hajafika Ufipa afahamu kwamba matuta yetu si ya mstari. Ni ya mviringo, kila moja limekaa peke yake, limefika magotini, na tumboni mwake kuna majani yaliyozikwa ili yaoze yawe mbolea. Juu yake tunapanda maharage. Mtoto wa Kifipa anajifunza kutembea katikati ya matuta hayo kabla hajajifunza kutembea barabarani.

Mama mkwe akaingia kubadilisha nguo. Mume wangu alikuwa amejiandaa. Usiku uliotangulia aliandika vichekesho kwenye karatasi, na sasa alianza kumsomea mama yake kimoja kimoja, kamera ikiwa shingoni. Mama alivisikiliza vyote kwa heshima. Baada ya cha tatu akauliza, "Mwanangu, mbona leo unaongea sana? Unaumwa?"

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye mkeka nachambua mchele. Kiberiti kilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimekitazama asubuhi nikaona alama ya betri imekuwa nyekundu, na kijijini umeme haukuwepo, kwa hiyo nilijua nina picha moja, labda. Sitadanganya kwamba nilikileta kwa bahati mbaya. Wala sitadanganya kwamba sikujua ninachotaka kufanya. Kumpiga picha mtu mzima bila ruhusa yake kwetu ni kama kumchungulia akiwa anaoga, na huyu alikuwa mama mkwe. Mbele yake mimi hata sauti niliipunguza. Lakini ile sauti ya Kabwe ilikuwa haijanitoka masikioni.

Mume wangu akafumba jicho. Akaona kilemba kinakatika juu, akarudi nyuma hatua moja. Akaona viatu vimekatika, akarudi nyuma tena, maana mama alishamwambia viatu vionekane. Nyuma yake kulikuwa na tuta. Niliona tuta na nikaona kisigino, na kama mke mwema ningesema kitu. Nilichofanya ni kuingiza mkono mfukoni.

Tuta la kwanza lilimkamata nyuma ya magoti. Tuta la pili lilimpokea. Aliketi ndani yake taratibu, kwa ukamilifu, maharage kulia na kushoto, mguu mmoja hewani, na mikono yote miwili ameinua kamera juu kama padri anavyoinua kikombe. Kamera haikuguswa na hata chembe ya udongo. Yeye alikuwa amezama mpaka kiunoni kwenye majani yaliyooza.

Nilikuwa nimeshabonyeza. Mama mkwe wakati huo alikuwa bado hakimu, macho yamemtoka tu. Kiberiti kikatoa pua, kikanung'unika, kikatafuta. Nikakilaani kimoyomoyo. Na katika huo muda wake wa kufikiri, mama mkwe akaelewa anachokiona. Akajitupa nyuma kwenye kiti, kilemba kikateleza kikaanguka, mdomo ukafunguka wote, pale ambapo meno ya mbele hayakuwepo na pale yalipokuwepo, na kicheko kikatoka. Hapo ndipo kiberiti kikaridhika, kikapiga, na kikafa pua ikiwa bado nje.

"Mfipa gani anaangushwa na tuta?" mama mkwe alikuwa akiuliza, machozi yanamtoka. "Umezaliwa humu. Nilikulaza katikati ya haya matuta nikiwa nalima. Leo yamekugeuka?"

Kisha akafuta macho, akaokota kilemba, akakifunga upya, akaweka mikono magotini. Uso ukajifunga. "Haya," akasema, "piga." Mume wangu, na udongo wake wote, akapiga picha tatu za hakimu.

Njiani kurudi nilimwambia. Akasimamisha pikipiki pembeni, akageuka.

"Umemwibia mama?"

"Nimemwibia."

"Imetoka?"

"Sijui. Kilikufa."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi tulichaji, tukaenda studio, na mwenye studio akaifungua kwenye kompyuta yake. Ilikuwepo. Ilikuwa imetikisika kidogo, upande mmoja wa uso umeungua kwa jua, na pembeni kiatu cha mume wangu kilikuwa kinaelea bila mwenyewe. "Madam, hii imecheza," mwenye studio alisema. "Halafu hapa kuna mguu. Hizi za mzee ndizo kali. Nikutolee hizi?" Za mume wangu zilikuwa zimepangwa jirani, tatu, safi, kila moja na uzi wake kwenye kola.

Mume wangu aliinama akazitazama za kwake, kisha ya kwangu. Alitazama ya kwangu muda mrefu zaidi. "Toa hiyo yenye mguu," akamwambia. Nimeolewa naye miaka mingi na amenifanyia mema mengi, lakini nikiulizwa ni lini nilimpenda kuliko siku zote, nitasema ni pale studio.

Kwa hiyo tukawa na picha, na tukawa na ubishi. Yeye alitaka iende Kabwe kesho yake. Mtoto wa mama mdogo alikuwa amepiga simu kwamba mama haondoki tena kitandani, na akiamka anauliza kama basi limefika. "Mama hatajua," mume wangu alisema. Nami nikamwambia siwezi. Kichwa chake kiko wazi, pengo lake liko wazi, na mkwe ndiye aliyempiga. Kama picha ile ingemrudia kutoka Kabwe baada ya msiba, mikononi mwa watu, ningeificha wapi sura yangu? Akaniambia wakati mimi natafuta ruhusa, mtu anaisha. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonikasirisha. Tukakubaliana kwamba alfajiri tutakwenda kijijini, na kutoka huko tutaliwahi basi pale Namanyere hata kwa pikipiki.

Tulimkuta mama mkwe ameketi mlangoni anapata jua, amejifunika kanga kwa baridi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikasema, "Mama, nimekukosea," na maneno mengine yote yakapotea, basi nikatoa bahasha tu nikampa.

Aliitoa picha akaisogeza mbali na macho, kisha karibu, kisha akaigeuzia kwenye mwanga. Nilimwona akishtuka. Nikainamisha kichwa.

"Mlikwenda Kabwe lini?" aliuliza.

Mume wangu alinitazama. Mimi sikuelewa.

"Mlikwenda mkanificha," alisema. "Kumbe bado ana nguvu hivi. Mbona kwenye simu anajifanya mgonjwa? Tazama anavyocheka. Mama yetu alikuwa akimkataza kufungua mdomo namna hii."

"Mama," nikasema, "hatujaenda Kabwe."

"Na huyu ni nani?"

"Ni wewe."

Alipitisha kidole juu ya picha, kwenye pengo, halafu akakipeleka kidole kinywani kwake mwenyewe akaligusa lile pengo. Alikuwa amepigwa picha maishani labda mara kumi, na zote alikuwa ametii. Kioo chake cha ukutani anakitazama akifunga kilemba, na hakuna anayecheka akifunga kilemba. Nilipiga hesabu hiyo pale pale nilipopiga goti, nikaona kwamba mama mkwe wangu, mcheshi kuliko watu wote niliowahi kuwajua, alikuwa hajawahi kujiona akicheka.

"Mimi nacheka hivi?"

"Ndivyo unavyocheka, mama," mume wangu akasema. "Tangu nikufahamu."

Akaitazama tena. Nilingoja aniulize ni nani aliyempiga, na kwa ruhusa ya nani. Hakuuliza. Jua lilikuwa limefika miguuni pake na kuku walikuwa wameanza kupanda kwenye matuta, na yeye, ambaye siku zote hakuvumilia kuku kwenye maharage, hakuwafukuza.

"Hii pelekeni leo, msikae hata kunywa chai," alisema mwishowe, akanirudishia bahasha. "Halafu mtoe nyingine mniletee mimi. Yeye anione mimi, na mimi nimwone yeye."